Jinsi ya Kumchagua Mpangishaji wa Tovuti wa Kutegemewa: Mwongozo kwa Wafanyabiashara na Taasisi za Mombasa

Tovuti ya biashara, shule au msikiti hukaa ndani ya seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana ikiwa imeunganishwa na intaneti wakati wote, na kampuni inayoendesha seva hiyo ndiyo itakayoitwa mpangishaji katika mwongozo huu. Wafanyabiashara wengi wa hapa kwetu humchagua mpangishaji kwa kutazama bei ya mwaka wa kwanza na ukubwa wa nafasi waliyoahidiwa, kisha mengine huyajua siku tovuti inapozimika. Kwa maoni yangu, yanayostahili kupimwa kwanza ni namna mpangishaji anavyotenda mambo yanapoharibika, na kama unaweza kuondoka kwake ukiwa umebeba kila kilicho chako. Yote mawili yanaweza kuchunguzwa kabla ya kulipa.

Anza kwa kuwajua wanaoifungua tovuti yako

Kabla ya kulinganisha kampuni yoyote, andika kwenye karatasi ni nani watakaoisoma tovuti yako na wanakoishi. Nyumba ya wageni ya Mji wa Kale au hoteli ya Nyali husomwa na watu walioko Ujerumani, Italia na Uingereza, ambao huitazama wakiwa makwao kabla ya kukata tiketi ya ndege. Shule ya Kisauni, kliniki ya Changamwe au duka la vitambaa la Biashara Street huhudumia watu wa papa hapa, na wengi wao hutumia simu na bando la data walilolinunua asubuhi. Wakala wa kutoa mizigo bandarini huwa na wateja wa pande zote, wengine Kampala na Kigali, wengine Dubai na Guangzhou. Tovuti za hawa wote hazifai kuwekwa mahali pamoja.

Umbali hula muda. Mwanga ndani ya kebo ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Mombasa hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000 hata ukipima kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi haiwezi kuchukua chini ya milisekunde 70 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), na kwa kuwa kebo hupinda na kupitia vituo vingi, muda halisi huzidi hapo. Ukurasa mmoja huhitaji safari nyingi za namna hiyo ndipo ukamilike. Seva iliyo Nairobi, ambayo kwa barabara ni kama kilomita 480 kutoka hapa, humjibu mtu wa Likoni kwa sehemu ndogo ya muda huo, mradi kampuni yake ya intaneti na mpangishaji wawe wote wameunganishwa na KIXP, kituo cha Kenya ambako watoa huduma hubadilishana trafiki yao bila kuipeleka ng'ambo.

Liko na suala la kebo zenyewe. Mombasa ndiyo mlango wa intaneti ya nchi hii: kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010 na LION2 mwaka 2012. Lakini kebo hukatika. Februari 2012 meli iliteremsha nanga karibu na bandari yetu na kuikata TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM ziliharibika kwa pamoja upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na nchi za jirani. Siku kama hiyo, mzazi wa Kisauni anayetafuta karo ya shule kwenye tovuti iliyoko Marekani hungoja pamoja na wengine wote, ilhali tovuti iliyo ndani ya nchi haihitaji kuvuka bahari ili kumfikia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mwepesi. Ikiwa wasomaji wako wengi wako Kenya, tafuta seva iliyo Kenya. Ikiwa wako Ulaya, weka tovuti Ulaya. Ikiwa wametapakaa, iweke panapokufaa kwa bei na huduma, kisha tumia mtandao wa kusambaza kurasa, kama ule wa Cloudflare, ambao huweka nakala za picha na kurasa katika miji mingi duniani, Mombasa na Nairobi zikiwemo, ili kila msomaji ahudumiwe kutoka karibu naye.

Usidanganywe na anwani ya ofisi, kwani kampuni inaweza kuwa na ofisi Moi Avenue na namba ya Paybill huku seva inazozikodi ziko Ujerumani. Hilo si kosa, na kwa hoteli linaweza kuwa faida, lakini ni haki yako kulijua. Uliza jina la kituo cha data na mji kilipo. Kampuni inayokodi nafasi katika kituo kinachojulikana, kama vile iColo yenye vituo Mombasa na Nairobi, haina sababu ya kuficha. Omba pia anwani ya tovuti ya majaribio iliyo kwenye seva hizo, uifungue kwa simu yako saa tatu za usiku, wakati ambapo watu wengi wako mtandaoni, na si asubuhi tu.

Jina la kikoa liwe mali yako

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu hasara kubwa nilizoziona kwa wafanyabiashara wa mji huu zilitokana na jina la kikoa kuliko seva. Kikoa ni lile jina ambalo watu huliandika ili kukufikia, na mpangishaji unaweza kumbadilisha mara nyingi upendavyo ikiwa jina hilo liko mikononi mwako. Likiwa mikononi mwa mtu mwingine, huna pa kwenda.

Mambo huanza kwa nia njema. Mwenye duka humwajiri kijana hodari amtengenezee tovuti, na kijana, ili kumpunguzia tajiri wake usumbufu, hulisajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe na namba yake ya simu. Miaka mitatu baadaye kijana amepata kazi Doha, barua pepe ile haifunguliwi tena, tangazo la kulipia upya limeanguka mahali pasipo na msomaji, na jina lililochapishwa kwenye mifuko, kwenye gari la kusambaza bidhaa na kwenye bango la dukani limekwisha muda. Hakuna aliyeiba, lakini hasara ni ileile.

Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, shirika lililoanza kazi mwaka 2002, ambalo huwapitishia wateja kwa wasajili, yaani kampuni zinazowauzia watu majina hayo, lililowaidhinisha na kuwachapisha kwenye tovuti yake. Miishio imegawanywa kwa matumizi: .co.ke kwa biashara, .or.ke kwa mashirika yasiyo ya faida, .sc.ke kwa shule, .ac.ke kwa vyuo, na sasa unaweza pia kusajili jina linaloishia na .ke peke yake. Mpangishaji unayemfikiria akiwemo kwenye orodha ya wasajili walioidhinishwa, hiyo ni dalili moja njema, ingawa haitoshi yenyewe.

Wakati wa kusajili, hakikisha kwamba jina la mwenye kikoa ni lako au la kampuni yako kama lilivyoandikwa kwenye cheti cha usajili, kwamba namba ya simu ni yako, na kwamba barua pepe iliyowekwa ni ile unayoifungua kila siku na isiyotegemea kikoa chenyewe. Maana ikiwa kikoa kimefungwa, barua pepe inayokitegemea imefungwa pia, na ujumbe wa kukuokoa hautafika. Muulize msajili namna ya kupata msimbo wa kuhamishia kikoa kwa msajili mwingine, na kama anatoza ada kwa ajili hiyo. Mtu anayekukwepa kwenye swali hili kabla hujampa pesa atakukwepa zaidi baadaye. Kwa majina ya .com kuna kanuni ya siku 60 baada ya usajili mpya ambamo jina huwa haliwezi kuhamishwa. Hiyo ni kanuni ya kimataifa, na mpangishaji asilaumiwe kwayo.

Mimi hupendelea kikoa kisajiliwe mahali pamoja na tovuti ipangishwe mahali pengine. Utakuwa na ankara mbili badala ya moja, na huo ni usumbufu kidogo, lakini mgogoro na mpangishaji hautalishika jina lako mateka.

Aina za upangishaji, kwa kifupi

Upangishaji wa pamoja, ambao ndio wa bei nafuu, unafanana na nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vya kupanga: kila mpangaji ana mlango wake, lakini bomba ni moja na mita ya umeme ni moja, na mpangaji mmoja akijaza mapipa usiku kucha wengine huamka pasipo na maji. Swali la kumuuliza mpangishaji ni hili: ametenganisha vipi akaunti za wateja, ili tovuti moja ikielemewa au ikivamiwa na wadukuzi zilizo jirani nayo zisidhurike? Akijibu kwa kutaja programu anayoitumia na vikomo vya kila akaunti, analijua jambo lake.

Seva pepe ya binafsi hukupa sehemu yako ya kumbukumbu na prosesa isiyoguswa na wengine, lakini mara nyingi hukupa pia kazi ya kuitunza: kusasisha mfumo, kufunga milango isiyotumika, kufuatilia mashambulizi. Biashara isiyo na mtu wa kazi hiyo itakuwa salama zaidi kwenye upangishaji wa pamoja ulio mzuri kuliko kwenye seva pepe iliyotelekezwa, hata kama ya pili ni ghali mara tatu. Duka, shule, nyumba ya wageni ya vyumba kumi, wakala wa mizigo anayeonyesha huduma zake: wote hawa wanatoshewa na upangishaji wa pamoja kwa miaka mingi.

Kuhusu ukubwa wa nafasi sina mengi ya kusema, kwa kuwa tovuti nyingi ndogo hazifiki hata GB 5. Neno "bila kikomo" lisikuvutie. Kikomo kipo, nacho huandikwa ndani ya masharti: idadi ya faili, kiasi cha kumbukumbu, sehemu ya prosesa, idadi ya barua pepe zinazoweza kutumwa kwa saa. Tafuta tarakimu hizo. Kwa hoteli, ziulize ukiwa na msimu wa Desemba akilini, na kwa shule, ukiwa na siku ya kufungua muhula akilini, kwa sababu tovuti huhitaji nguvu siku hizo ambazo watu wote huja pamoja.

Nakala rudufu

Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo moja la kituo cha data cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya jingine. OVH ni miongoni mwa wapangishaji wakubwa kabisa wa Ulaya. Wateja waliokuwa na nakala rudufu katika mji mwingine walirudi mtandaoni, na baadhi ya wale ambao nakala zao zilikuwa katika eneo hilohilo walipoteza data yao moja kwa moja. Tukio hilo lafaa kukumbukwa kila unaposoma tangazo linalosema "nakala rudufu kila siku", maana tangazo halikuambii nakala hizo zimewekwa wapi.

Muulize mpangishaji mambo haya kwa maandishi. Nakala huchukuliwa kila baada ya muda gani, na huhifadhiwa kwa siku ngapi? Ziko katika jengo lilelile la seva au mahali pengine? Je, zinajumuisha hifadhidata (mahali tovuti inapohifadhi maandishi na maagizo yake) na barua pepe, au faili za tovuti peke yake? Naweza kuirudisha mwenyewe kupitia paneli ya udhibiti, au lazima niandike maombi na kungoja? Kurudisha kuna malipo? Swali la siku za kuhifadhi lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa tovuti inaweza kuvamiwa leo na ukagundua baada ya wiki mbili, na ikiwa nakala hudumu siku saba tu, zote ulizo nazo zitakuwa na ugonjwa uleule.

Hata ukiridhika na majibu yote, chukua nakala yako mwenyewe angalau mara moja kwa mwezi, na kila wiki kwa tovuti inayopokea maagizo, uiweke kwenye diski ya ofisini au kwenye hifadhi ya wingu isiyohusiana na mpangishaji. Kisha ijaribu. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa mahali popote ikafunguka haina uhakika wowote.

Ahadi ya upatikanaji na hesabu yake

Karibu kila mpangishaji huahidi kwamba tovuti itapatikana kwa asilimia 99.9 ya muda. Katika mwezi wa siku 30, asilimia 99.9 inaruhusu tovuti kuzimika kwa dakika 43 hivi. Asilimia 99 inaruhusu saa 7 na dakika 12. Na asilimia 99.99 inaruhusu dakika 4 na sekunde chache. Tofauti kati ya 99 na 99.9 inaonekana ndogo kwenye karatasi, ingawa ni tofauti ya kupoteza mchana mzima wa biashara. Soma pia kile usichoahidiwa: saa za matengenezo yaliyotangazwa kwa kawaida hazihesabiwi, na fidia mara nyingi huwa ni siku chache za huduma zikiongezwa kwenye akaunti, wala si mauzo uliyoyakosa.

Umeme ni sehemu ya hesabu hii. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilizama gizani kwa saa nyingi, na si mara hiyo tu. Kituo cha data kinachostahili jina hilo kina betri, jenereta zaidi ya moja na mafuta ya kutosha. Mpangishaji aliyeweka seva katika chumba cha nyuma cha ofisi hawezi kukuahidi hayo, hata awe mtu mwema kiasi gani.

Usitegemee takwimu za mpangishaji mwenyewe. Ziko huduma za bure za kufuatilia tovuti zinazoigusa kila baada ya dakika chache na kukutumia ujumbe isipojibu; iwekee tovuti yako moja ya huduma hizo tangu siku ya kwanza, na baada ya miezi miwili utakuwa na rekodi yako mwenyewe.

Wajaribu kabla ya kuwalipa

Njia ya kuijua idara ya huduma kwa wateja ni kuiuliza swali gumu ukiwa bado si mteja. Watumie ujumbe mara mbili, mara moja siku ya kazi asubuhi, na mara nyingine Jumamosi usiku. Unaweza kuandika hivi:

"Habari za jioni. Ninatarajia kuhamishia kwenu tovuti ya WordPress yenye faili za GB 4 na hifadhidata moja. Ninaomba kujua seva zenu ziko katika kituo gani cha data na mji gani, na mnatoa matoleo yapi ya PHP. Tena, iwapo nitaifuta hifadhidata kwa bahati mbaya saa nane za usiku, nitachukua hatua gani ili kuirudisha, na kwa gharama ipi?"

Jibu zuri hugusa kila swali, hutaja tarakimu na majina, na hukiri pale ambapo huduma ina mpaka. Jibu baya hukupa kiungo cha ukurasa wa bei na kukutaka usiwe na wasiwasi. Swali la PHP, lugha ya kompyuta inayoendesha WordPress na programu nyingine nyingi za kutengenezea tovuti, lina kazi yake: toleo la 7.4, kwa mfano, lilikoma kupewa marekebisho ya usalama mwezi Novemba 2022, na mpangishaji asiyeweza kukupa kitu kipya zaidi ya hapo ameacha kuitunza nyumba yake. Vivyo hivyo kwa cheti cha usalama kinachoiwezesha tovuti kufunguka kwa https. Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bure, navyo huweza kujisasisha vyenyewe, kwa hiyo anayemtoza mwenye duka dogo maelfu ya shilingi kwa cheti cha kawaida ananipa shaka.

Maoni ya wateja mtandaoni yasome kwa uangalifu, kwa sababu kurasa nyingi zinazopanga "wapangishaji bora" huandikwa na watu wanaolipwa kamisheni kwa kila mteja wanayemleta. Malalamiko yana faida kuliko sifa. Tazama kampuni ilimjibuje mlalamikaji, na kama ilieleza kilichoharibika. Kampuni ya Kenya unaweza pia kuihakiki kwa kufanya utafutaji rasmi wa usajili kupitia eCitizen, kwa ada ndogo, ukajua imesajiliwa lini na wakurugenzi wake ni nani. Zungumza vilevile na wenzako wa biashara walio na tovuti, hasa wale waliowahi kupata tatizo, kwa maana mteja ambaye hajawahi kuhitaji msaada hana ushahidi wa kukupa.

M-Pesa na barua pepe

Ikiwa tovuti yako itapokea malipo ya M-Pesa, mpangishaji anaingia ndani ya biashara yako kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Mteja akishaweka namba yake ya siri, mfumo wa Safaricom hutuma uthibitisho kwenye anwani ya https iliyo kwenye seva yako. Seva ikiwa imezimika wakati huo, pesa zimeshalipwa lakini tovuti haijui, na mteja anaambiwa hajalipa. Tatizo jingine ni kwamba baadhi ya wapangishaji huweka kinga kali inayoyazuia maombi yasiyotoka kwenye kivinjari cha kawaida, na uthibitisho wa malipo huzuiwa pamoja nayo. Muulize mpangishaji kama amewahi kuwahudumia wateja wanaopokea M-Pesa, na kama ataziruhusu anwani za mfumo huo zipite. Katika hili wapangishaji wa Kenya huelewa swali bila maelezo mengi.

Barua pepe nayo ihakikiwe. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekaza masharti kwa wanaotuma, na ujumbe usiothibitishwa kwa rekodi za SPF au DKIM, ambazo huwekwa kwenye kikoa ili kuonyesha kwamba ujumbe umetoka kwako kweli, unaweza kukataliwa au kuangukia kwenye kapu la taka. Katika upangishaji wa pamoja, anwani moja ya seva hutumiwa na wateja wengi, hivyo mmoja akituma matangazo ovyo anwani hiyo huingia kwenye orodha nyeusi na nukuu ya bei uliyomtumia mteja wa Kampala haimfikii. Kwa biashara ambayo maisha yake yako kwenye barua pepe, kama mawakala wa mizigo na wapanga safari, naona ni bora kulipia huduma ya barua pepe kando, mbali na upangishaji wa tovuti.

Bei, kodi na sheria

Bei ya kulinganisha ni ile ya mwaka wa pili, kwa sababu punguzo la mwaka wa kwanza linaweza kuificha bei halisi. Omba uandikiwe ada ya kulipia upya, na uulize kama kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 imo ndani. Ukilipa kwa dola, ongeza hatari ya sarafu: Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na baadaye mwaka huohuo ikashuka hadi karibu 130, kwa hiyo huduma ya dola 100 ilitofautiana kwa takriban shilingi 3,000 bila mpangishaji kubadilisha chochote. Malipo ya kadi yana hatari yake pia, kwani kadi ikiisha muda wake akaunti inaweza kusimamishwa usiku ukiwa umelala.

Mwenye biashara anayelipa kodi ya mapato amuulize mpangishaji wa Kenya kama anatoa ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi (KRA), kwa kuwa tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara hiyo, isipokuwa zile zilizosamehewa na sheria, haikubaliwi kupunguzwa kwenye hesabu ya kodi.

Tovuti inayokusanya majina, namba za simu, nakala za pasipoti za wageni au taarifa za wagonjwa iko chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Sheria hiyo inataka uwe na mkataba wa maandishi na anayekuhifadhia data, na inataka uvujaji wenye hatari kwa wahusika uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kugundulika. Huwezi kuripoti ndani ya saa 72 ikiwa mpangishaji anakujibu baada ya wiki, na kwa hiyo ni vyema mkataba useme atakujulisha kwa muda gani. Kliniki na shule zisiuruke ukurasa huu wa mkataba.

Kuhamia

Ukishamchagua, lipia mwezi mmoja au mitatu kwanza ikiwa anaruhusu, hata kama bei ya mwezi ni kubwa kidogo kuliko ya mwaka. Usiifunge akaunti ya zamani. Siku moja au mbili kabla ya kuhamisha, punguza muda wa kukumbukwa (TTL) kwa rekodi za kikoa, zile zinazoonyesha tovuti iko kwenye seva gani, hadi sekunde 300, ili mabadiliko yasambae upesi. Nakili tovuti kwenye seva mpya, uikague kwa anwani ya muda ambayo mpangishaji atakupa, kisha ndipo uelekeze kikoa huko, na uchague saa ambazo wateja ni wachache. Kwa biashara nyingi za hapa ni alfajiri, na kwa hoteli yenye wateja wa Ulaya, kumbuka saa zao.

Baada ya hapo fungua tovuti kwa simu mbili zenye laini za kampuni tofauti, jaza fomu ya mawasiliano uone kama ujumbe unafika, tuma barua pepe kwenye akaunti ya Gmail na uangalie haikuangukia kwenye taka, na ulipe shilingi 10 kwa M-Pesa ukiwa mteja wa kawaida. Iache akaunti ya zamani kwa wiki mbili zaidi, kwani huenda ukakuta kuna picha au sanduku la barua lililosahaulika huko. Zikipita, chukua nakala ya mwisho ya kila kilichobaki, zima malipo ya moja kwa moja, na uwaandikie kuomba akaunti ifungwe na data yako ifutwe, ukihifadhi jibu lao pamoja na stakabadhi zako.